Tindikali ya Maji na Bakteria wa Filta: Niliyojifunza kwa Matangi Mawili, la Arusha na la Moshi

Anayefuga samaki wa mapambo Arusha huanza na maji ambayo hakuyachagua. Visima na chemchemi nyingi za miteremko ya Mlima Meru hupitisha maji kwenye miamba ya volkano, na kabla hayajafika bombani huwa yamekwisha kubeba bikaboneti ya sodiamu kwa wingi, kalsiamu kidogo, na ile floraidi inayowasumbua watu wa Maji ya Chai na Ngurdoto kiasi cha kuwekewa kituo cha utafiti wa kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Kwa sababu kalsiamu ni kidogo, sabuni hutoa povu vizuri na birika halishiki ukoko mnene, na wapo wengi wanaohitimisha kwamba maji ya namna hiyo ni laini na kwa hiyo yana tindikali. Sivyo. Nyumbani kwangu Sakina, hapahapa Arusha, pH ya maji (kipimo ambacho chini ya 7 ni tindikali na juu ya 7 ni alkali) hukaa karibu na 8, na ukitaka kuishusha kwa kuweka vipande vya mti au majani makavu utasubiri sana, kwa kuwa bikaboneti iliyomo huimeza tindikali yote unayoileta.

Moshi hali ni nyingine. Maji yanayotoka kwenye chemchemi za Kilimanjaro kwa kawaida huwa na madini machache kuliko ya Meru, na shemeji yangu, dada wa mke wangu, aliyafanya yawe machache zaidi kwa kutumia maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye bati hadi kwenye simtanki. Alikuwa na sababu nzuri. Tangi lake lina mimea mingi, udongo mweusi wa dukani uliotengenezwa kwa ajili ya mimea ya majini, na kundi la neon tetra, samaki ambao asili yao ni vijito vya Amazon vyenye maji laini na tindikali. Lilikuwa tangi la kupendeza kuliko langu, na nilikuwa nikilitamani kila nilipoenda kuwasalimu. Ndipo siku moja, katikati ya masika, aliponipigia simu.

"Shemeji, kipimo kinaonyesha amonia," alisema, "lakini samaki hawana neno. Wanakula, wanacheza. Niamini kipimo au niwaamini samaki?"

Nilimwambia aamini vyote viwili, na kwamba ajizuie kubadilisha chochote mpaka nifike. Jibu hilo linahitaji maelezo, na maelezo hayo ndiyo kiini cha yote niliyojifunza kuhusu tindikali na wadudu wasioonekana wanaoishi ndani ya filta.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na mabaki ya chakula na majani yanayooza huongeza nyingine. Kundi la kwanza la viumbe wadogo kwenye sponji ya filta huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki wanaivumilia na mimea inaila. Sergei Winogradsky alikwisha kueleza kazi hii ya bakteria wa udongo kuelekea mwaka 1890, na kwa miaka mingi vitabu vya ufugaji vilitaja majina mawili tu, Nitrosomonas kwa hatua ya kwanza na Nitrobacter kwa hatua ya pili. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba katika akwaria za maji baridi yasiyo ya chumvi wanaofanya hatua ya pili hasa ni Nitrospira, na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kwamba katika filta nyingi za maji hayo hatua ya kwanza inashikwa zaidi na akea, viumbe wanaofanana na bakteria kwa udogo lakini ni ukoo mwingine kabisa. Nitaendelea kuwaita wote bakteria kwa mazoea, ila tofauti hii itakuwa na uzito huko mbele.

Kilichoonekana kwenye vipimo vya shemeji kilikuwa hivi. Kitone cha pH, yaani dawa ya kupimia ambayo rangi yake hulinganishwa na kadi, kilitoa rangi ya mwisho kabisa chini ya kadi, yaani 6.0, na kadi ya aina hiyo haiwezi kukueleza kama ni 6.0 kweli au ni 5.2, kwa sababu rangi haziendelei chini ya hapo. Kitone cha kwanza cha KH, kipimo cha bikaboneti na kaboneti majini, kilibadilisha rangi papo hapo. Maana yake akiba hiyo inayomeza tindikali ilikuwa chini ya digrii moja, pengine haikuwepo kabisa. Amonia ilisomeka takriban miligramu 2 kwa lita. Nitriti haikuwepo, na nitreti ilikuwa kidogo mno kwa tangi lililokuwa likilishwa kila siku.

Ukiviweka vipimo hivyo pamoja vinasema jambo moja: hatua ya kwanza ya filta ilikuwa imedorora. Kama tatizo lingekuwa hatua ya pili, nitriti ingepanda. Kama filta ingekuwa inafanya kazi na mimea haili, nitreti ingelimbikizana. Hapa amonia ilikuwa inakaa kama ilivyotoka kwa samaki, isipokuwa ile iliyochukuliwa na mimea.

Kwa nini samaki hawakufa? Kile tunachokiita amonia kwenye kipimo ni vitu viwili vinavyogeukageuka. Kimoja ni amonia yenyewe, gesi iliyoyeyuka, ambayo hupenya mashavu ya samaki na kumuunguza. Cha pili ni amoniamu, yaani amonia iliyobeba ioni ya hidrojeni, ambayo haipenyi kwa urahisi na madhara yake ni madogo sana. Kitone cha dukani huhesabu vyote kwa pamoja. Uwiano kati yao unaamuliwa hasa na pH, na kwa kiasi fulani na joto. Katika nyuzi joto 25 na pH ya 8, amonia yenye sumu ni karibu asilimia 5 ya jumla; kwenye pH ya 7 hubaki kama asilimia 0.6, kwenye pH ya 6 ni chini ya asilimia 0.1. Zile miligramu 2 za shemeji zilikuwa na sumu isiyozidi sehemu moja ya elfu hivi ya miligramu kwa lita. Zingekuwa kwenye tangi langu la Sakina, sumu ingekaribia sehemu moja ya kumi ya miligramu, na mimi ningekuwa natoa maiti.

Jambo hilohilo linalowalinda samaki ndilo linalowanyima bakteria chakula. Bakteria wa hatua ya kwanza hutumia amonia ile ya gesi, si amoniamu. Maji yanapokuwa na tindikali, chakula kipo tele kwenye kipimo lakini hakiko katika umbo wanaloweza kulitumia. Wengi wao hufanya kazi vizuri zaidi kati ya pH 7.5 na 8.5, hupunguza kasi inayoonekana chini ya 6.5, na karibu na 6 wale wa jamii ya Nitrosomonas hufanya kidogo sana. Sisemi wanakufa. Nimewasikia wafugaji wakisema "bakteria wamekufa" kila amonia inapopanda, na usemi huo huwapeleka kwenye hatua mbaya, kwa sababu anayeamini filta imekufa huisafisha, hubadilisha sponji, humwaga dawa, na hivyo kuwaondoa wale waliokuwa hai lakini wamepoa.

Tuliposimama mbele ya tangi, mtoto wa shemeji, kijana wa sekondari mwenye akili ya kemia, alikuwa na pendekezo lake.

"Baba mdogo, kama tatizo ni tindikali, si tunaweka magadi? Yapo jikoni, mama anapikia makande."

Pendekezo lilikuwa na mantiki ya darasani, na ndilo lililonitisha kuliko vipimo. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Kijiko kimoja katika maji yasiyo na akiba yoyote kingeipandisha pH juu ya 8 ndani ya dakika chache, na ile amoniamu iliyokuwa imekaa kimya ingegeuka amonia mara mia hivi ya ilivyokuwa. Samaki waliokuwa wakicheza asubuhi wangekuwa juu ya maji wakihema jioni. Isitoshe, magadi ya ukanda wetu mara nyingi hubeba floraidi nyingi. Nilimwonyesha kwa kikombe: tulichota maji ya tangi, tukaweka punje chache za magadi, tukapima pH, na rangi ikaruka kutoka njano ya chini ya kadi hadi upande wa pili. Hakuhitaji hotuba zaidi.

Nilikuwa nimekwisha kuona tukio la namna hiyo kwenye hoteli moja ya Arusha ambayo sitaitaja. Walikuwa na akwaria kubwa ya mimea mapokezi, iliyoachwa muda mrefu bila kubadilishwa maji. Walikuwa wakijazia tu yaliyopungua kwa maji yaliyochujwa madini yote, mpaka tindikali ikajijenga kimyakimya. Kabla ya ugeni mkubwa mtu akaamua kulisafisha, akatoa zaidi ya nusu ya maji na kujaza ya kisima, na samaki wakafa. Walioulaumu uchafu wa kisima waliukosa ukweli, kwani maji ya kisima yalikuwa salama kabisa kwa samaki. Lililowaua ni amoniamu ya zamani iliyokutana na pH mpya.

Swali lililobaki ni bikaboneti ilikwenda wapi. Mfugaji huona pH ikishuka akadhani tindikali imeingia kutoka nje: mvua, udongo, mti. Kwa sehemu ni kweli, maana maji ya mvua safi huwa na pH ya 5.6 hivi kwa sababu ya hewa ya ukaa iliyoyeyuka, na udongo mweusi wa mimea hutengenezwa makusudi ili uvute kaboneti. Lakini mlaji mkubwa wa akiba ni filta yenyewe. Kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa kuwa nitreti huteketeza alkali inayolingana na miligramu 7.14 za kaboneti ya kalsiamu. Tuliifanya hesabu pale mezani kwa tangi la lita 100. Gramu moja ya chakula chenye protini asilimia 40 ina kama miligramu 64 za naitrojeni. Tukichukulia kwamba nusu yake inaishia kuwa amonia inayopita kwenye filta, ni miligramu 32, na hizo hula alkali ya miligramu 228, yaani 2.3 hivi kwa kila lita kwa siku. Digrii moja ya KH ni miligramu 17.9 kwa lita. Kwa hiyo, kwa gramu moja tu ya chakula kila siku, digrii nzima huliwa ndani ya siku nane. Maji ya Sakina yana digrii za kutosha na hubadilishwa kila wiki. Maji ya simtanki hayana hata moja. Ni kama kibubu ambacho mtu anatoa kila siku na hakuna anayetia.

Hesabu hiyo ina marekebisho, na kwa tangi la mimea marekebisho hayo si madogo. Mmea unaochukua nitreti hurudisha sehemu ya alkali majini, ilhali unaochukua amoniamu huongeza tindikali, na mimea mingi ya majini hupendelea amoniamu kabla ya nitreti. Ndiyo maana tangi la shemeji liliweza kwenda muda mrefu bila dalili: mimea ilikuwa ikifanya kazi ya filta. Dalili zilikuja pale alipopunguza mimea kwa mkasi ili kuleta mwanga chini, na wakati huohuo akaongeza samaki. Mimea iliyobaki haikutosha, na filta iliyokuwa imepoa haikuweza kuamka kwa sababu hapakuwa na cha kuamkia.

Hili la mwisho lilinichukua muda kulielewa, na bado naona ndilo linalosahaulika zaidi. Bakteria wa filta hawajengi miili yao kwa chakula cha samaki. Hujitengenezea kaboni kutoka kwenye hewa ya ukaa na bikaboneti, kama mimea, isipokuwa nguvu wanazipata kwa kuunguza amonia badala ya jua. Kwa hiyo KH ikiisha wanapata hasara kwa njia tatu kwa pamoja: tindikali inawabana, amonia inageuka amoniamu wasiyoitumia, na malighafi ya kujengea miili inapungua. Namba ya pH peke yake haikuonyeshi hasara ya tatu.

Tangi langu ndilo lililonithibitishia. Kwa kuwa maji yangu yana alkali nyingi na hewa ya ukaa kidogo, mimea yangu ilikuwa ikidumaa, isipokuwa Vallisneria, ambayo inaweza kunyonya kaboni moja kwa moja kutoka kwenye bikaboneti. Nilianza kuchanganya maji ya bomba na ya mvua mpaka KH ikasimama kwenye 8, kisha nikafunga chupa ya sukari na hamira, yenye mrija unaopeleka hewa ya ukaa ndani ya tangi. pH ikashuka kutoka 8 hadi karibu na 7. Katika KH ya 8, mshuko huo unaonyesha hewa ya ukaa imepanda kutoka miligramu 2.4 hivi hadi 24 kwa lita, ambacho ni kiasi kizuri kwa mimea na bado ni salama kwa samaki wenye hewa ya kutosha. Wengi wangesema nimewatesa bakteria kwa kuongeza tindikali mara kumi. Amonia haikuonekana hata siku moja, nitriti nayo vilevile, na nitreti iliendelea kupanda polepole kama zamani. Akiba ya bikaboneti ilikuwa palepale. Kilichobadilika ni hewa ya ukaa tu, ambayo bakteria wanaitumia. Usiku, chupa inapoendelea kutoa hewa na mimea haiinyonyi, pH hushuka zaidi, mchana hupanda. Mawimbi hayo ya kila siku filta huyastahimili bila shida, na sioni haja ya kuyakimbiza kwa dawa za kushikilia pH.

Ndipo tofauti ikanikaa vizuri. pH ya 6.6 yenye KH ya 4 katika tangi linalopewa hewa ya ukaa ni jambo moja. pH ya 6.6 iliyofikiwa kwa sababu KH inaelekea sifuri ni jambo jingine, hata kama rangi kwenye kadi ni ileile, maana la kwanza linaweza kubaki hapo mwaka mzima na la pili liko safarini kushuka.

Turudi Moshi. Tulichofanya ni kupunguza kwanza amoniamu bila kuigusa pH. Shemeji alisimamisha chakula kwa siku chache, jambo ambalo samaki wazima hawalioni kuwa adhabu. Tuliweka mimea ya kuelea, inayokua kwa pupa na kunyonya amoniamu kwa wingi, na tukabadilisha maji kidogokidogo kwa maji ya simtanki yaleyale, yenye tindikali, ili kuchota amoniamu bila kuigeuza. Filta hatukuigusa. Amonia iliposhuka hadi karibu na sifuri ndipo tulipoanza kurudisha akiba. Kwa njia ya haraka ni bikaboneti ya soda ya kupikia, si magadi: gramu 3 kwa lita 100 huongeza digrii moja ya KH, na sisi tuliigawa kwa robo, robo kwa siku, tukipima amonia kabla ya kila robo. Kwa njia ya kudumu tulifunga makombe ya baharini yaliyopondwapondwa kwenye soksi nyepesi na kuiweka mahali maji yanapopita kwa kasi ndani ya filta. Kaboneti ya kalsiamu huyeyuka zaidi maji yanapokuwa na tindikali na huacha kuyeyuka yanapotulia, kwa hiyo ni vigumu kuizidisha. Napenda sana tabia hiyo ya makombe, kwa sababu hayahitaji mtu mwenye kumbukumbu nzuri.

Baada ya hapo kilichohitajika ni subira. Bakteria hawa huzaana polepole mno wakilinganishwa na wale wanaochachisha maziwa. Hata katika hali nzuri huhitaji saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku, kugawanyika mara moja. Nitriti ilionekana kwanza kwa kiasi kidogo, na shemeji akaogopa. Mimi nilifurahi, kwa kuwa ilionyesha hatua ya kwanza imeamka na ya pili bado inakusanya nguvu. Aliweka chumvi ya kawaida kidogo sana, kwani kloridi huzuia nitriti isiingie kwa urahisi kwenye damu ya samaki, na hakuzidisha kwa kuwa mimea haipendi chumvi. Kisha nitriti ikaondoka na nitreti ikaanza kupanda.

Je, ina maana tangi la tindikali haliwezekani? Linawezekana, na hapa ndipo wale akea wanaponirudia akilini. Wako viumbe wa jamii hiyo waliozoea udongo wenye pH ya 4 na 5 na wanaendelea kuunguza amonia humo. Mmoja wao, Nitrosotalea devanaterra, alikuzwa maabara mwaka 2011 kutoka kwenye udongo wa namna hiyo. Akea pia huridhika na amonia kidogo kuliko bakteria. Tangi lililoanzishwa likiwa na tindikali, lenye samaki wachache, mimea mingi na chakula haba, hujipatia jamii yake ya viumbe wanaoliweza, na linaweza kuishi miaka kwa utulivu. Lisilowezekana ni kulivusha ghafla lile lililozoea pH ya 7.5 hadi 5.5 huku ukiongeza samaki, ukatarajia jamii ileile ifanye kazi ileile. Kwa wanaotaka kubaki na tindikali kwa ajili ya tetra, ushauri wangu ni kushusha kwa majuma mengi, si kwa siku, na kuhesabu mimea kuwa ndiyo filta ya kwanza.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa na tindikali katika miji yetu. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyoshiba hewa hubeba oksijeni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko Tanga au Dar es Salaam. Bakteria wa filta ni walaji wakubwa wa oksijeni: miligramu moja ya naitrojeni ya amonia huhitaji zaidi ya miligramu 4.5 za oksijeni. Ongeza baridi ya Juni na Julai, ambapo tangi lisilo na kipasha joto hushuka chini ya nyuzi 20, na utaona amonia kidogo hata pH ikiwa sawa. Nimeona watu wakitibu baridi kwa kubadilisha pH. Kabla ya kugusa tindikali, mtu apime joto na aangalie kama maji yanayotoka kwenye filta yanavuruga uso wa tangi vya kutosha. La pili ni sponji iliyojaa matope: maji hutafuta njia ya pembeni, bakteria walio katikati hukosa hewa, na kipimo husomeka kana kwamba tindikali imewazidi. Sponji husuuzwa kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, si chini ya bomba lenye klorini.

Kuhusu majani ya mkungu, ambayo wafugaji wengi huyaweka ili "kuleta tindikali", msimamo wangu ni wa kati. Yanatia maji rangi ya chai na yana manufaa kwa samaki wanaotaga, ila tindikali yake ni dhaifu. Katika maji ya Sakina hayashushi hata nukta moja ya pH ninayoweza kuiona kwenye kadi. Katika tangi la shemeji lilipokuwa halina akiba, majani machache yalitosha kusukuma namba chini. Wafugaji wawili wanaweza kutumia majani ya mti uleule na kubishana hadi usiku, na wote wawili wakawa wanasema kweli kuhusu maji yao.

Siku hizi wote wawili tunapima KH kwanza na pH baadaye. Kwangu nachanganya maji ya mvua na ya bomba kwa takriban nusu kwa nusu, na katika mwezi wa masika nakagua upya, kwa sababu maji ya bomba hubadilika kidogo na simtanki hujaa maji mapya yasiyo na chochote. Kwa shemeji KH inakaa kati ya 3 na 4, pH kati ya 6.6 na 7, na neon tetra hawakulalamika kwa kuongezewa bikaboneti. Namba hizo ziko ndani ya wanachokivumilia, hata kama si maji ya nyumbani kwao.

Wakati ule wa mwanzo aliniomba kipande cha sponji kutoka filta yangu ili aiharakishe yake, na nilimkatalia kwa muda. Bakteria waliolelewa kwenye pH ya 8 na bikaboneti tele, ukiwashusha kwenye maji ya 6 yasiyo na KH, wangepoa palepale kama wenyeji wao, na tungebaki na sponji nyingine isiyofanya kazi. Tuliposhika digrii 3 ndipo nilipokata kipande, nikakiweka kwenye mfuko wenye maji kidogo na hewa nyingi kuliko maji, nikakaa nacho mapajani kwenye Noah kutoka Arusha hadi Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi, nikiuepusha mfuko na jua la dirishani. Tulikibana ndani ya filta yake kando ya sponji ya zamani, na amonia haikuonekana tena hata alipowarudishia samaki chakula cha kila siku.